Mchumba Aliyehama Mstari

“Rangi, unaenda wapi?”

Aliyeuliza alikuwa Katibu wa chama, muuza magodoro, na aliuliza kwa sauti ya chini kwa sababu wagombea hawakutakiwa kusikia. Rangi alitoka kwenye mstari wa mchumba wake, ambako alikuwa amesimama wa kwanza kabisa, akavuka uwanja huku kila mtu anamwona, akaenda kusimama nyuma ya mjomba wake.

Chama chenyewe kilikuwa kipya, hata mwaka hakijafikisha. Kilizaliwa baada ya watu kuchoshwa na chama kikongwe, ambacho wagombea wake hupatikana ndani ya chumba kilichofungwa mlango, na diwani wake, yule wanayemwita Mheshimiwa, amepita bila kupingwa tangu watu wanamkumbuka. Hawa wapya wakaapa kwamba kwao kila kitu kitakuwa wazi. Karatasi hakuna, sanduku hakuna. Wagombea wanakaa kwenye viti wakitazama ukuta, wanachama wanapanga mstari nyuma ya yule wanayemtaka, Katibu anahesabu. Mchana kweupe, jua linawaka.

Walifikiria wizi wa kura. Aibu ya mtu na mtu hawakuifikiria.

Siku hiyo walikuwa wakimchagua wa kupambana na Mheshimiwa kwenye udiwani, na wagombea walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa mchumba wake Rangi, binti mwalimu wa udereva ambaye mtaa mzima unamwita Klachi, maana neno hilo ndilo analolipigia kelele kutwa akiwafundisha watu kuendesha. Mdomo anao, akili anazo, na Mheshimiwa hamwogopi. Wa pili alikuwa Mzee Mita, mstaafu aliyesoma mita za maji nyumba kwa nyumba maisha yake yote. Huyu aliombwa tu na Katibu agombee, ili Klachi naye asionekane amepita bila kupingwa. Mzee mwenyewe alijua amekuja kusindikiza.

Sasa mstari wa Klachi ulikuwa umefika getini, na nyuma ya Mzee Mita hapakuwa na mtu. Amekaa wima, koti limepigwa pasi, anatazama ukuta na kusikiliza nyayo ambazo haziji kwake. Rangi, mpiga rangi wa magari, alilelewa na mjomba wake huyo baada ya baba yake kufa. Alimwona vile, akahama.

Basi watu wakaanza.

“Mchumba wake mwenyewe kahama?”

“Kuna kitu anakijua huyo.”

“Hakuna anachojua, anamwonea huruma mzee. Hebu mwone alivyokaa peke yake na koti lake.”

“Jamani, kweli si vizuri. Klachi watu anao. Mimi naenda kwa mzee.”

“Ningoje twende wote.”

Wakaenda wawili, wakaenda watano. Kila mmoja alijiambia yeye ni mmoja tu, hawezi kuharibu kitu. Katibu akafungua mdomo, akaufunga, kwa sababu sheria ilimkataza kumshawishi mtu. Akahesabu. Akarudia kuhesabu.

“Wagombea, geukeni.”

Klachi aligeuka akitabasamu, mkono tayari umeshapanda kupungia watu. Macho yakamtafuta Rangi pale nyuma yake, hayakumwona. Yakaenda upande wa pili. Akamwona, wa kwanza kwenye mstari mrefu, ameinamisha kichwa anatazama viatu.

Mzee Mita naye aligeuka.

“Hawa wote ni wangu?”

“Wako, mzee,” Katibu alisema, na sauti haikuwa ya kushangilia.

Mzee akatoa kitambaa akafuta macho. Watu wakapiga makofi huku wakitazamana kama waliovunja kitu dukani. Klachi alimpa mzee mkono, akampongeza kwa maneno mazuri, akachukua mkoba wake akaondoka. Alipita mbele ya Rangi kama anavyopita mbele ya nguzo.

* * *

Rangi alipiga simu mpaka ikaacha kuita. Akatuma ujumbe.

“Klachi, pokea tafadhali.”

“Nina mwanafunzi.”

“Naomba nikueleze.”

“Eleza.”

“Nilijua utashinda. Nilimwona mjomba amekaa peke yake nikaumia. Nikasema mtu mmoja hatabadilisha kitu.”

Jibu lilichelewa. Lilipokuja aliisoma simu akaigeuza kifudifudi kwenye meza.

“Kwao ulikuwa mtu mmoja. Kwangu ulikuwa nani?”

Kesho yake gereji haikukalika. Mwenzake wa kunyoosha mabati ndiye aliyekuwa akimtania wiki zote zile kwa jina la Mume wa Diwani, na siku hiyo alimpokea kwa kicheko.

“Umeokoka, ndugu yangu! Nilishaanza kukuona ukimbebea mkoba kwenye vikao. Mke anahutubia, wewe unashika chupa ya maji.”

“Acha.”

“Niache nini? Umefanya kazi ya kiume. Umemshusha kwa heshima, hata yeye hajui amepigwa na nini.”

“Nimesema acha! Nilikuwa namsitiri mjomba wangu.”

“Sawa, sawa. Msitiri.” Akakonyeza jicho, akarudi kwenye nyundo yake.

Rangi aliweka chini bomba la rangi. Mlango aliokuwa akiupaka ulikuwa umetoa michirizi, kitu ambacho hakikumtokea tangu alipokuwa anajifunza kazi. Akanawa, akaenda kumtafuta Klachi.

Alimkuta kwenye gari la mafunzo, amekaa kiti cha mwalimu. Kwenye usukani alikuwa mama mmoja mnene, mpole, mwenye duka la vyombo. Rangi akafungua mlango wa nyuma, akaingia.

“Shuka,” Klachi alisema bila kugeuka.

“Sishuki mpaka tuzungumze.”

“Mama, washa gari. Twende. Taratibu na klachi.”

“Na huyu?” mama akauliza.

“Huyo ni mzigo. Endesha.”

Gari likaruka kama chura, likatulia, likaanza kwenda. Rangi akashika kiti kwa mikono miwili.

“Nilikosea,” alisema.

“Unamwambia nani? Kwenye mstari ulikuwa na watu, mbona leo unakuja kunong’ona kwenye gari?”

“Klachi, nisikilize.”

“Nisikilize wewe. Unajua nilikuwa nimekaa natazama ukuta. Sikuwa naona mtu, lakini nilikuwa nanusa ile thina yako ya rangi hapa shingoni. Nikasema, yupo, wa kwanza. Moyo ukatulia. Baadaye harufu ikaondoka. Unajua niliwaza nini, Rangi? Niliwaza upepo umegeuka. Mimi, mtu mzima, nikausingizia upepo.”

Mama wa vyombo akakanyaga breki ghafla, wote wakaenda mbele.

“Mama! Klachi kwanza!”

“Samahani, mwalimu. Nimeguswa.” Akamtazama Rangi kwenye kioo. “Na wewe, baba, ulifanya hivyo kweli?”

“Nilifanya, mama.”

“Haya. Aibu hiyo.”

“Washa gari, mama,” Klachi alisema. Kisha akageuka, mara ya kwanza tangu siku ile. “Unajua nani amefurahi kuliko wote? Mheshimiwa. Amemtumia mzee ujumbe wa pongezi. Ulishamwona mtu anampongeza anayekuja kumng’oa? Anajua mzee hatamgusa. Atalala kwenye kikao cha kwanza. Tumeunda chama ili hatimaye mtu huyu apate mpinzani, na tumempelekea rafiki.”

“Nifanye nini?”

“Kamwambie mjomba wako ukweli. Kwamba watu walimwonea huruma, na wewe ndiye uliyeanza. Alhamisi kikao kinathibitisha jina, Ijumaa linapelekwa ofisi ya uchaguzi. Akijua, mwenyewe atajua la kufanya.”

“Itamuua, Klachi.”

“Mimi nimekufa?”

Rangi akatazama nje ya dirisha.

“Jumamosi wazee wenu wanakuja kwetu kuniposa,” Klachi alisema, na sauti ikashuka. “Sitaki kuolewa na mtu anayenihama kwa adabu. Mama, kata kushoto. Kushoto, mama, huko ni kulia!”

* * *

“Karibu, mjomba, karibu ndani.”

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Umekuja wakati mzuri, kaa hapa uniambie hii miwani inanifaa au inanifanya bundi.”

Mzee Mita alikuwa amenyolewa vizuri. Kitandani alikuwa ametandaza mashati, anachagua la kwenda nalo kwenye ofisi ya uchaguzi. Rangi alikaa ukingoni mwa kiti.

“Mjomba, nimekuja kwa ajili ya lile jambo la siku ile.”

“Najua. Nimeshaambiwa.”

“Umeambiwa?”

“Nimeambiwa wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza. Ulimwacha mchumba wako ukaja kwangu.” Mzee akavua miwani. “Unajua mimi nimeingia kwenye nyua za watu maisha yangu yote. Wakiniona getini wanasema, ‘Huyo keshakuja.’ Mbwa wananifahamu kuliko wenye nyumba. Hakuna aliyewahi kuniuliza naitwa nani, jina langu likawa mita. Siku ile nageuka kwenye kiti, naona watu. Nikasema, kumbe. Kumbe walikuwa wananiona.”

“Mjomba…”

“Hata nimeanza kuandaa maneno ya kusema. Sikuwa na nia, wewe unajua, Katibu ndiye aliyenisukuma. Sasa nia ninayo. Ulikuwa unasema nini?”

Rangi alitazama mashati. “Lile la bluu,” alisema. “La bluu linakufaa.”

Akiwa nje alituma ujumbe: “Nimeshindwa.”

Klachi akajibu: “Basi mwambie mama yako Jumamosi msijisumbue.”

Hata mtaa hajaumaliza, simu ikaita. Mama yake.

“Wewe mtoto, nimepigiwa na mama mkwe wako analia. Posa imefutwa? Umefanya nini?”

“Nilimhama, mama.”

“Umehamia kwa mwanamke gani?”

“Kwa mjomba.”

“Sikuelewi.”

“Hata mimi, mama. Nitakupigia.”

* * *

Alhamisi kikao kilifanyika palepale uwanjani, watu wamekaa kwenye viti vya kukodi. Klachi alikuja, akakaa nyuma kabisa. Katibu alisoma jina la mgombea, akakohoa.

“Kwa utaratibu wetu wa uwazi, lazima niulize. Kuna mwenye pingamizi?”

Watu walichunguza kucha zao.

“Ninalo,” alisema Rangi, akasimama.

“Wewe?” Mzee Mita akageuka kwenye kiti cha mbele. “Mjomba, unanipinga wewe?”

“Nisamehe, mjomba. Siku ile sikuja nyuma yako kwa sababu nakutaka uwe diwani. Nilikuona umekaa peke yako nikakuonea huruma. Nilijua Klachi atashinda, nikadhani nakusindikiza kidogo. Watu wakaniona, wakanifuata. Juzi nilikuja nyumbani kwako kukwambia, nikakwambia habari za shati.”

Mtu mmoja akaguna. Mwingine akasema, “Kaa chini, huna haya?”

“Haya ninayo,” Rangi alisema. “Ndiyo inayonitetemesha.”

Mzee Mita akasimama polepole. Akawageukia watu.

“Nani mwingine alikuja kwa huruma? Inueni mikono.”

Hakuna aliyeinua.

“Chama cha uwazi,” mzee alisema. “Inueni mikono, jamani. Mlishanidanganya mchana, niambieni kweli mchana.”

Mkono mmoja ukapanda, wa dada mwenye saluni. Ukapanda wa pili. Halafu ikawa mikono mingi, na vichwa vyote chini, kama watoto waliovunja dirisha. Hata Klachi pale nyuma alifunika uso kwa kiganja, maana hakutaka iwe hivi.

“Mmenifanya mtoto,” mzee alisema.

“Tulikuheshimu, mzee,” Katibu akajaribu.

“Mngeniheshimu mngeniacha nikae peke yangu! Nilikuja kushindwa, na nilikuwa tayari. Ningempa huyu binti mkono, ningekwenda zangu nikanywe chai. Nyie mkaniongopea, mkanifanya nilie mbele za watu. Na huko mbele mngefanya nini? Mngenisema kwa kunong’ona. Tumetoka kwenye chama ambako wakubwa wanaamua mlango umefungwa, tumekuja huku ambako kila mtu anaona aibu kusema. Tofauti iko wapi? Mheshimiwa anapita vilevile.”

Akavua koti, akalitundika kwenye kiti.

“Tupange upya. Sasa hivi. Na leo sitazami ukuta. Nataka kuwaona machoni.”

Viti viwili vikageuzwa. Klachi alikuja mbele, akakaa, mikono mapajani. Watu wakainuka, wakaenda wanakokwenda, na safari hii walitembea haraka bila kutazamana. Mstari wa Klachi ukafika tena getini.

Kwa Mzee Mita walikwenda wachache sana. Mmoja alikuwa mama mjane wa nyumba ya pembeni.

“Wewe pia huruma?” mzee akamuuliza.

“Huruma ya nini? Siku zile bomba limepasuka, wewe ndiye uliyelala kwenye tope ukilifukua na si kazi yako. Mimi nakutaka wewe. Mara ile nilisimama hapa, leo nipo.”

Mzee akamshika mkono. Akamshika wa pili, akamshika wa tatu. Akawakaribisha kama wageni nyumbani kwake, na uso wake ukaanza kulegea.

Rangi alikuwa bado katikati ya uwanja. Akaenda kwa Klachi.

“Usije kwangu kwa kutubu,” Klachi alimwambia, kila mtu anasikia. “Simama unakotaka.”

“Nakuja kwa sababu unafaa.”

“Basi nyuma kabisa. Wenzako wamewahi.”

Watu wakacheka, kicheko cha kwanza siku ile. Rangi akatembea kando ya mstari wote, uso kwa uso na kila aliyemfuata mara ile, mpaka getini.

* * *

Kikao kilipokwisha alimkuta Klachi anafunga mlango wa gari.

“Hongera.”

“Asante.”

“Nimesema mbele yao wote, Klachi. Niambie basi kama umenisamehe.”

“Umesema yote?”

“Yote.”

“Rangi.” Akamtazama mpaka Rangi akakosa pa kuweka macho. “Mimi nafundisha watu kuendesha. Mtu akiniambia mguu ulimteleza, najua kama uliteleza au aliuweka. Umesema yote?”

Rangi alifuta jasho. Alipofungua mdomo sauti ilitoka ndogo.

“Hapana.”

“Endelea.”

“Nilikuwa nimesimama nyuma yako, nikamsikia mtu anakuita mheshimiwa mtarajiwa. Wote wakashangilia. Nikajiona mdogo. Gereji wananiita Mume wa Diwani. Nikawaza, huyu akishinda atabaki na mimi, mpiga rangi tu? Nikageuka, nikamwona mjomba. Nikapata sababu nzuri.”

“Kwa hiyo huruma ilikuwa uongo?”

“Nusu ilikuwa kweli. Nusu nyingine nilitaka ushinde kidogo. Siyo sana.”

Klachi aliegemea gari. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

“Aibu ipi imekuzidi? Ile ya mbele ya watu, au hii?”

“Hii.”

“Hii ndiyo niliyokuwa naitaka. Ile ilikuwa ya mjomba wako.” Akavuta pumzi. “Mimi nikishinda nitakuwa na kelele za kutosha huko nje. Nyumbani nataka mtu ambaye akiniogopa ataniambia. Unaweza?”

“Nitajaribu.”

“Sijakuuliza kama utajaribu.”

“Naweza.”

Mzee Mita alikuwa anapita na koti lake begani. Akasimama mbali kidogo, hakumtazama Rangi.

“Binti, hiyo posa ya Jumamosi ipo au haipo?”

“Sijui, baba. Nani atakuja kunisemea upande wao?”

“Mimi ndiye mjomba wake. Nimemkasirikia na nitaendelea kumkasirikia, lakini kumposea ni kazi yangu.” Sasa akamtazama. “Nitawaambia wazazi wako ukweli kwamba mpwa wangu ni mwoga. Sitaficha.”

“Waambie hivyohivyo,” Klachi alisema.

Ijumaa jina lake lilipelekwa, na kwa mara ya kwanza karatasi ya kura ya kata ile ikawa na majina mawili. Mheshimiwa hakumtumia mtu pongezi.

Jumamosi sebule ya kina Klachi ilijaa. Viti havikutosha, shangazi wawili walikaa kwenye mkeka. Mzee Mita, shati la bluu, alisalimia, akaeleza safari yao, halafu akasema kama alivyoahidi.

“Kijana wetu ni fundi mzuri, halewi, hapigi. Kasoro yake ni mwoga. Mengine atayasema mwenyewe.”

Mama yake Rangi akafunika macho kwa mtandio. Baba yake Klachi, dereva wa malori mstaafu, mtu mpana asiyecheka ovyo, akamgeukia Rangi.

“Mwoga wa nini?”

Rangi alimtafuta Klachi kwa macho, naye alikuwa mlangoni, hamsaidii.

“Namwogopa binti yako, mzee. Naogopa atakuwa mkubwa kuliko mimi.”

Shangazi mmoja akabana kicheko. Mama yake Klachi akamtazama mumewe, akamtazama kwa muda mrefu, mpaka mzee yule mpana akaanza kukohoa na kujiweka sawa kwenye kiti. Akasogea, akapiga kiganja kwenye nafasi iliyobaki kando yake.

“Njoo ukae hapa, mwanangu,” alisema. “Tuko wengi.”